Alipokufa Mara ya Tatu

Mara ya kwanza mjomba Ambindwile alikufa Mlima Nyoka,
saa mbili asubuhi, kwenye simu za watu.
Basi limepinduka, ilisema sauti ya mtu asiyejitaja,
na picha ilikuwapo: magurudumu juu, kiatu kimoja kwenye lami,
na sisi tukakitambua kiatu.
Kiatu cha kahawia. Nani hana kiatu cha kahawia?

Kabla ya adhuhuri uwanja wetu pale Katumba ulifurika.
Turubai likafungwa kwenye migomba,
ng'ombe akachaguliwa,
wanawake wa Ushirika wakaja na mikungu vichwani
wakilia tangu barabarani, kama ipasavyo.
Kwetu mtu huhesabiwa siku ya kuzikwa.
Saa kumi marehemu akashuka kwenye bodaboda
na kilo mbili za sukari mkononi,
akauliza, "Nani amefariki?"

Tulicheka. Ng'ombe alichinjwa hata hivyo.
Kuna kitu kingine kilichinjwa siku ile,
hakuna aliyekila.

Niseme na langu: ujumbe ule niliutuma mimi pia,
makundi manne, kidole kikiwa bado na unga.
Sikuusikiliza hadi mwisho.
Mwishoni ilitajwa tarehe. Ilikuwa ya mwaka juzi.

Zikaja nyingine, kama mvua ya Tukuyu isiyouliza msimu:
kwamba maziwa ya pakiti yana dawa ya maiti;
kwamba mnunuzi wa parachichi ana mizani mbili
(hiyo ilikuwa kweli, na hatukuiamini);
kwamba yule mama wa Mpuguso anafuga nyoka chini ya kitanda,
na wiki tatu vitumbua vyake vikalala;
bei ya chai imepanda, imeshuka, kiwanda kimeuzwa;
nabii amefufua mtu, tuma kwa watu kumi,
usipotuma utajuta.
Redio ikasema hivi, diwani akasema vile,
mwanangu Lusajo akanionyesha video
diwani akisema yote mawili,
na diwani akaapa ile si sauti yake, ni kompyuta.
Labda.
Ndilo neno tulilobaki nalo. Tulilivaa kama sweta.

Mara ya pili mjomba alikufa kwa presha, wiki ya Pasaka.
Walikuja nusu. Wengine walianza kwa kupiga namba yake.
Akapokea mwenyewe: "Bado."

Basi mwezi wa saba, usiku wa baridi inayouma hadi kwenye kucha,
alikohoa mara mbili akanyamaza.
Nikaandika kwenye kundi la ukoo: Mjomba ametutoka.
Tiki mbili. Tiki mbili za bluu.
Gwakisa akauliza: Chanzo?
Subilaga: Tuma picha.
Mtu wa Mbeya mjini akatuma kile kikatuni kinachocheka hadi machozi.
Aliyefuata akaandika tu: Tumezoea.

Nikavaa gambuti. Nikaenda mlango kwa mlango katika manyunyu,
kama zamani za baba, habari ikiwa na miguu,
na matope, na pumzi, na jina la aliyeileta.
Kwa Anyisile walizima taa waliponisikia.
Bibi Tupokigwe alifungua nusu,
akanimulika tochi usoni kitambo kirefu,
kisha akanyoosha mkono, akanigusa shavu,
akaonja kidole.
Mvua haina chumvi.
"Ngoja nichukue kanga," akasema.

Alfajiri tulikuwa kumi na wanane,
uwanja ule ule, turubai lile lile, nyasi nyingi zikionekana.
Koti lake lilining'inia ukutani, na simu ndani yake
ikatetemeka. Ikatulia. Ikatetemeka tena.
Tuma kwa watu kumi.
Tukatazamana.

Na mimi, niliyemfumba macho kwa mkono huu huu,
nikaomba udhuru, nikaingia chumbani,
nikafunua blanketi upande wa miguu,
nikashika unyayo
kuhakikisha.